Taa za Kaskazini, Bondeni

Shufaa alituma picha saa nane za usiku,
saa zetu, si zake; kule aliko
saa ni neno tu, jua limehama tangu Novemba.
Mbingu nzima imeanikwa shuka la kijani,
pindo lake likiburura juu ya mlima,
na chini kabisa, kama punje ya mtama,
yeye, na koti lililommeza.

Mama aliisogeza simu hadi puani.
Jicho la kushoto lina mtoto, la kulia linamlea.
“Ya nani hiyo taa?”
Si ya mtu, Mama. Ni jua linagonga hewa.
“Basi hata sisi tuna jua, tena kuliko wao.
Nenda kapige ya kwetu umtumie,
asije akadhani huku tumezimiwa.”

Mimi ni mpiga picha wa pasipoti.
Kazi yangu ni kitambaa cheupe ukutani,
masikio yote mawili yaonekane,
na neno moja kutwa nzima: usicheke.
Shufaa mwenyewe nilimwambia hivyo, miaka sita nyuma;
akabana mdomo kwa ajili ya ubalozi,
nikambonyeza, nikamkata wanne wanne kwa mkasi.
Anga sijawahi kuliambia likae sawa.

Hata hivyo nikapanda juu kabisa, penye matangi ya maji,
miguu mitatu ya kamera begani kama mbuzi mkaidi,
lenzi ikitoka jasho kabla yangu.
Magharibi bandari imewasha kila ilicho nacho,
winchi zimenyoosha shingo juu ya makontena,
mawingu yamekuwa rangi ya chai ya mkandaa.
Kaskazini, ng’ambo ya maji, ni Nyali:
hizo ndizo taa zetu za kaskazini, na zina bili.
Nikahesabu nyota saba.
Ya saba ikageuka ndege, ikashuka zake uwanjani.

Twahir wa jirani akaja na karanga,
akauliza napiga nini. Nikamwambia, hamna.
Akaketi juu ya ndoo,
tukaingoja hamna pamoja.

Saa saba kasorobo stima ikaondoka.
Haikuaga, kama kawaida yake:
Bondeni, Makadara, Kibokoni,
mtaa kwa mtaa, kama mtu apitaye akifunga madirisha.
Feni zikanyamaza. Mtoto akalia.
Redio ikakatika katikati ya jina la mtu.
Na juu,
sikujua kuwa tunazo nyingi vile.
Zilikuwapo siku zote, kama sarafu chini ya godoro:
Kilimia kimebanana penye kona yake,
na ile njia nyeupe, hafifu,
unga uliomwagika kwa mtu mwenye haraka.

Nikafungua kamera sekunde thelathini.
Twahir akaacha kutafuna bila ya kuambiwa.
Sekunde ya ishirini jenereta ya msikiti ikakohoa,
mnara ukavaa taa zake za kijani.

Basi picha ni hiyo. Nyota zilizosalia,
umande kwenye kioo, na upande wa kulia
doa la kijani likipanda, likivuja,
kama lililotumwa na mtu.
Nilitaka kuifuta.
Mama akaishika kwa mikono miwili.
“Si hiyo hapo? Nilisema mimi.”
Nikasema ndiyo, Mama. Ndiyo hiyo.

Alfajiri Shufaa akaandika.
Hakutaja nyota. Kijani hakukitaja, kijani anacho.
Alikuwa ameivuta picha, akaivuta,
hadi pembeni, chini, penye kamba,
ambapo mimi na kamera yangu hatukupaona:

“Hiyo leso ya Mama bado iko nje.
Mwambie aianue, umande utailoweza.”